Maswali ya Wasomaji: Nguvu za Mwili kwa Asiye na Muda

SWALI: Nina miaka 38, nafanya kazi Posta na kuishi Mbezi Beach. Jumanne na Alhamisi nikitoka kazini nakimbia Coco Beach huku nikisubiri foleni ipungue. Jumapili alfajiri nakimbia mbali. Najiandaa na kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, ila magoti yananiuma nikiteremka mlima. Nimeambiwa niende jimu siku nne kwa wiki. Siku hizo nizitoe wapi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Dada, siku nne huzihitaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kwa mkimbiaji kama wewe mbili zinatosha, dakika 35 kila moja, mradi uzito uwe uzito kweli. Wengi hukosea hapo: wanapiga skwati 50 mikono mitupu, wanaloa jasho, na miguu inabaki na nguvu zilezile.

Jimu nayo si lazima. Weka madumu mawili ya lita 10 kwenye buti la gari. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unajua unachobeba bila mizani. Maji yakizoeleka, jaza mchanga mkavu. Dumu lilelile litafika kama kilo 15. Kagua mshikio kwanza.

Fanya mazoezi kwa jozi, la mguu lifuatwe na la mkono, ili kimoja kipumzike kingine kikifanya kazi. Jozi ya kwanza ni skwati ukiwa umekumbatia dumu kifuani, kisha pushapu (zikikushinda chini, weka mikono kwenye benchi). Ya pili ni kushuka ngazi kwa mguu mmoja, kisha kuinama mgongo ukiwa umenyooka na kuvuta dumu hadi ubavuni. Malizia kwa kunyanyuka juu ya vidole, mguu mmoja mmoja. Kila zoezi seti tatu za marudio 8 hadi 12. Acha seti pale unapoona ungeweza kuongeza mawili tu bila kupinda mwili. Ukifikisha 12 katika seti zote tatu, ongeza lita moja au mbili, usiongeze marudio.

Hilo la ngazi ndilo dawa ya magoti yako, lipe uzito wake. Simama kwa mguu mmoja kwenye ngazi ya sentimita 15 hadi 20, shusha kisigino cha mguu wa pili taratibu ukihesabu hadi tatu, kiguse sakafu, kisha panda. Mtu anapoteremka mlima, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ya breki huku ukirefuka. Ukichoka, goti ndilo linalobeba. Na njia ya kilomita 21 pale Moshi hupanda kuelekea Mweka kabla ya kuteremka, hivyo mteremko utakukuta miguu imeshachoka. Ukiona goti linaangukia ndani, ngazi hiyo ni ndefu mno kwako, tafuta fupi. Maumivu madogo yanayoisha kufikia asubuhi yasikutishe. Goti likivimba au kukwama, acha na umwone daktari.

Yafanye Jumanne na Alhamisi baada ya kukimbia, si kabla. Usilisogeze la Alhamisi hadi Jumamosi, kwani misuli huuma zaidi kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi iliyoizidi, na Jumapili yako itaharibika. Wiki ikivurugika, fanya siku moja tu, ila uzito usiushushe. Wiki mbili kabla ya mbio punguza seti ziwe moja au mbili. Siku tano za mwisho usiguse dumu.

SWALI: Nachezea timu ya maveterani kila Jumapili. Mwaka huu msuli wa nyuma ya paja umenikamata mara mbili, zote kipindi cha pili nikifukuzia mpira. Na kunyoosha viungo nanyoosha kila siku!
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kaka, kunyoosha peke yake hakutoshi. Msuli huo huchanika ukiwa umerefuka na bado unavuta, kwa hiyo unatakiwa ujifunze kuvuta ukiwa hivyo. Piga magoti juu ya godoro, mwenzio akushike vifundo vya miguu, kisha jiachie mbele polepole, mwili umenyooka kuanzia goti hadi bega. Ukishindwa kujizuia, jidake kwa mikono. Kosa kubwa ni kukunja kiuno. Ukikunja, paja halifanyi kazi. Anza na seti mbili za marudio manne, mara moja kwa wiki, Jumatatu au Jumanne, maana wiki ya kwanza utaumwa sana. Baada ya miezi miwili ufikie seti tatu za nane. Timu zinazolifanya zoezi hili mfululizo zimeonekana kupunguza majeraha hayo kwa karibu nusu.

Pia katikati ya wiki kimbia mita 40 mara tano, ukianza na mwendo wa wastani na kupandisha hadi karibu mwisho wa nguvu zako. Msuli uliokaa kitini siku sita usidaiwe mbio kali Jumapili. Kama jeraha bado linauma ukitembea kwa kasi, subiri kwanza.

SWALI: Nina kilo 65 na nimeanza kunyanyua vyuma. Lazima ninunue poda ya protini?

JIBU: Hapana. Lenga gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani kama 105 kwa siku. Mayai mawili na glasi ya maziwa asubuhi ni 20. Mchana kikombe cha maharage yaliyoiva na kipande cha samaki cha gramu 100 ni kama 38. Jioni gramu 100 za kuku ni 30, na gramu 30 za dagaa wakavu ni kama 17. Anayeanza siku kwa chai na chapati tupu ndiye hushindwa kufika, kwa hiyo rekebisha asubuhi kwanza. Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe kiwango hiki bila daktari wake.