Mwanangu, "mtamu" na "mkali" hayatoshi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu. Unasema huko darasani mkionja mvinyo, wenzako wanaandika pasheni, mafuta ya taa, ngozi ya kiatu kipya, na daftari lako lina maneno mawili tu kuanzia ukurasa wa kwanza, "mtamu" na "mkali". Unaniuliza kama ulimi wako una kasoro. Halafu unauliza mtu anawezaje kupiga funda moja akasema huu ni wa Ufaransa, ule ni wa Chile.

Ulimi wako ni mzima kabisa. Shida iko kwenye hayo maneno mawili.

Neno "tamu" tunalibebesha mizigo mingi mno. Sukari ni tamu, nyama iliyoiva vizuri ni tamu, usingizi ni mtamu, hata maneno ni matamu. Basi ukionja mvinyo mwekundu ukakupendeza, mkono unaandika "mtamu" wenyewe, ilhali karibu sukari yote ya zabibu ilishaliwa na hamira zamani ikageuka kileo. Atakayesoma daftari lako atadhani mvinyo una sukari. "Kali" ndiyo balaa zaidi. Siki ni kali, pombe ni kali, chai iliyokaa na majani hadi ikawa nyeusi nayo tunaiita kali. Hivyo ni vitu vitatu tofauti kabisa mdomoni, na glasi moja ya mvinyo mwekundu inaweza kuwa navyo vyote vitatu kwa wakati mmoja. Kazi yako ya kwanza ni kuvitenganisha.

Uchachu utaujua kwa mate. Piga funda, sukutua, tema, kisha funga mdomo uinamishe kichwa kidogo. Mate yakikujaa upesi na yasiache kuja, asidi iko juu. Kileo hakileti mate, kinaleta joto. Mvinyo wa asilimia 8 utashuka kooni bila hodi, ila wa asilimia 15 utausikia hadi kifuani. Cha tatu ni ukakasi, na hapa nakulaumu kidogo, kwa sababu neno tunalo tena zuri, wewe hulitumii. Ule ukavu wa ndizi mbichi, ulimi ukawa kama umepakwa chaki na midomo ikagoma kuteleza juu ya ufizi, ndio ukakasi wenyewe. Kwenye mvinyo huletwa na tanini, ambazo nyingi hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Tanini hunasa protini za mate, na mate yakapoteza utelezi wake. Mvinyo mweupe kwa kawaida hukamuliwa maganda yakatengwa kabla juisi haijachachuka, ndiyo maana ukakasi wake ni kidogo mno.

Na lipo neno "chapwa". Zabibu zikiachwa juani hadi asidi ikashuka mno, mvinyo wake unaweza kunukia vizuri na bado ukawa chapwa, umelala tu mdomoni. Ukiandika "uchachu wa juu, ukakasi wa wastani, kileo kinapasha joto" umeshamwambia msomaji mengi kuliko yule wa ngozi ya kiatu.

Sasa hizo pasheni na mafuta ya taa. Hiyo si kazi ya ulimi. Kumbuka ukiwa na mafua jinsi chakula kinavyopoteza ladha: chumvi unaisikia, uchachu unausikia, lakini hujui unakula nini. Mengi tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda puani kwa njia ya nyuma ya koo. Kwa hiyo nusa kabla hujaonja, na ukishaonja toa pumzi taratibu kwa pua. Na tafadhali, mvinyo mweupe uliotoka kwenye friji sasa hivi usiuandikie chochote. Baridi hufunga harufu. Shika tumbo la glasi kwa viganja dakika chache, ndipo unuse.

Usidhani pia kwamba wenzako wanatunga mashairi. Nao wapo watungaji, nimekaa nao meza moja miaka mingi, lakini maneno mengi ya waonjaji yana kitu halisi nyuma yake. Harufu ya pasheni kwenye Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe uitwao kwa jina la zabibu yake, inatokana na kemikali ambazo zimo pia kwenye pasheni lenyewe. Pilipili hoho unayoisikia kwenye mvinyo mwekundu wa zabibu ya Cabernet ambayo haikuiva vizuri ni kemikali ya pilipili hoho. Vanila hutoka kwenye mbao za mapipa ya mwaloni, siagi hutoka kwa bakteria wanaoilainisha asidi ya mvinyo. Hakuna aliyetia tunda humo. Na pua hazilingani: mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba harufu ya pilipili manga kwenye Shiraz, mvinyo mwekundu, inaletwa na kemikali iitwayo rotundoni, na katika majaribio yao takriban mtu mmoja kati ya watano hakuisikia hata ilipozidishwa. Mwenzako akiandika pilipili manga na wewe huipati, usiiandike kwa kumwigiza. Huenda pua yako haina mlango huo.

Nikuambie kisa changu, ambacho baba yako tu ndiye anayekijua. Mwezi wangu wa pili katika kazi ya kuhudumia wageni mvinyo, mgeni aliagiza Riesling ya zamani, mvinyo mweupe. Nikaifungua, nikanusa kizibo, nikanusa glasi, mafuta ya taa matupu! Nikamwambia mgeni, kwa kujiamini kabisa, kwamba mvinyo umeharibika, nikaurudisha jikoni na kuumwaga wote kwenye sinki. Mkuu wangu wa kazi alikuja akaichukua ile chupa tupu, akainusa, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba mgeni alikuwa amelipia harufu ileile. Zabibu za Riesling zikipigwa sana na jua, na mvinyo ukilala chupani miaka, harufu ya mafuta ya taa hujitokeza, na wapo wanaoitafuta. Nilikuwa najua tofauti ya kunuka na kunukia kama anavyoijua kila mtu, ila sikujua kwamba harufu ile, mle ndani, inahesabiwa kuwa inanukia. Kuharibika kwa kizibo nilikujua baadaye, na ni kitu kingine kabisa: uvundo wa boksi lililolowa maji likasahaulika chini ya ngazi, na tunda lote limetoweka. Ukishakutana nao mara moja hutausahau.

Harufu ikikuponyoka, shuka ngazi kwa ngazi. Mwaka 1984 Ann Noble, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichora gurudumu la harufu za mvinyo: katikati maneno mapana, pembeni maneno mahususi. Fuata mtindo huo. Ni tunda, ua, kiungo, au mbao? Kama ni tunda, la jamii ya ndimu, au lenye kokwa, au la nchi za joto? Kama ni la jamii ya ndimu, ni limau au balungi? Ukikwama katikati, andika "jamii ya ndimu" na uishie hapo. Ni jibu halali.

Ila jihadhari na macho. Huko Bordeaux, Ufaransa, wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2001, na waliodanganyika walikuwa watu wa fani, si wapita njia.

Nije kwenye swali lako la pili. Kubahatisha nchi ni mchezo wa baadaye, usianze nao. Anza na zabibu ya aina moja kutoka mahali pawili, glasi mbili kando kwa kando. Chukua Chardonnay, zabibu nyeupe, ya Chablis, kaskazini mwa Burgundy huko Ufaransa, na Chardonnay ya bonde lenye joto la California au Australia. Ya Chablis itakutoa mate mara moja: limau, tufaha bichi, wembamba fulani kama maji yaliyopita kwenye mawe. Ile nyingine itajaza mdomo, na utakuta pichi au nanasi, joto la kileo, na ikiwa imelazwa kwenye mapipa mapya, vanila na siagi juu yake. Mbegu ni ileile. Jua limeongeza sukari kwenye zabibu, sukari imekuwa kileo, na asidi imepungua kadiri zabibu ilivyoiva. Nusu ya jiografia ya mvinyo imo humo, na utaona kwamba inasomwa kwa uchachu na joto la kooni, si kwa kuwinda matunda. Ndiyo maana nimekuchosha na ukakasi na mate hapo juu.

Halafu linganisha Sauvignon Blanc ya Marlborough, New Zealand, na ya Sancerre, Ufaransa. Ya kwanza inakurukia kabla hujafikisha glasi puani. Ya pili lazima uisogelee. Riesling ya Mosel, Ujerumani, nayo itakufundisha jambo ambalo maneno hayatoshi kulieleza, yaani sukari na uchachu mkubwa vikakaa pamoja visigombane, na kileo mara nyingi kiko asilimia 8 au 9 tu. Malbec, zabibu nyekundu, ya Cahors, Ufaransa, na ya Mendoza, Argentina, zilinganishe ukipata nafasi.

Watakuambia pia kuhusu mawe. Chablis ina udongo wa chokaa wenye visukuku vya chaza, yaani magamba ya kale yaliyogeuka mawe, na muuzaji atakuapia kwamba unayaonja hayo magamba. Mizizi hainyonyi ladha ya gamba. Udongo una kazi yake kubwa, unashika maji au kuyaachia, unatunza joto au kulipoteza, na hayo yanaonekana kwenye zabibu. Mimi nikiandika "mawe yaliyolowa" naeleza kinachonijia kichwani, sitoi ripoti ya maabara.

Na ukikosea nchi, usione haya. Mwaka 1976 Steven Spurrier, Mwingereza muuza mvinyo, aliwaonjesha waamuzi Wafaransa, huko Paris, mvinyo wa kwao na wa California bila kuwaonyesha chupa. Wa California ukashika nafasi ya kwanza kwa mweupe na kwa mwekundu. Kuna na hili nililipenda zaidi: kwa miaka mingi Chile iliuza mvinyo mwingi kwa jina la zabibu nyekundu ya Merlot, hadi mwaka 1994 Mfaransa Jean-Michel Boursiquot, mtaalamu wa kutambua mizabibu, alipoingia shambani akasema sehemu ya mizabibu hiyo ni Carmenère, aina ya Bordeaux iliyodhaniwa kuwa karibu imetoweka. Waonjaji wangapi walikuwa wameisikia ile pilipili hoho ndani ya "Merlot" ya Chile wakaiandika tu kama tabia ya nchi? Walichoandika kuhusu harufu kilikuwa sahihi, jina ndilo lilikuwa la uongo. Ndiyo maana nakusisitiza: andika kwanza kilichomo kwenye glasi, kukisia kufuate.

Kuhusu lile sanduku la vichupa vya harufu unalotaka nikununulie, subiri kwanza. Fumba macho, mtu akusogezee karafuu, pilipili manga, vanila, siagi, ganda la limau, pilipili hoho iliyokatwa sasa hivi, na utaje kila kimoja bila kugusa. Utashangaa utakavyokosa. Mimi hadi leo karafuu na mdalasini hunichanganya nikichoka. Ukivijua hivyo, tutazungumza habari za sanduku.

Na huko darasani tema, mwanangu, usione aibu ya ndoo. Glasi kumi na mbili ukizimeza zote, ya mwisho utaiandika "mtamu" tena.

Akupendaye,
Mama yako