Mbona Legolas Amezeeka Akirudi Nyuma Miaka 60?

Maswali ya wasomaji: filamu na vibanda vya video

Barua nyingi za toleo hili zimeangukia jambo moja. Filamu tatu za The Hobbit (2012, 2013 na 2014) zinasimulia mambo yaliyotokea miaka 60 kabla ya The Lord of the Rings, ambayo ilitoka 2001 hadi 2003. Yaani kilichopigwa baadaye ndicho kilichotangulia katika hadithi. Waigizaji waliorudi, wakiwemo Ian McKellen (Gandalf), Cate Blanchett (Galadriel), Hugo Weaving (Elrond), Christopher Lee (Saruman), Andy Serkis (Gollum), Orlando Bloom (Legolas), Elijah Wood (Frodo) na Ian Holm (Bilbo mzee), wamezua ubishi usioisha.

*Hapa Mbale tumebishana hadi chai ikapoa. Legolas ni Mwelfi, na Waelfi hawazeeki. Mbona katika The Hobbit uso wake umejaa kuliko katika filamu za kwanza? Walikosea?*
Msomaji, Mbale

Hawakukosea hadithi, kalenda ndiyo iliyowashinda. Orlando Bloom alizaliwa Januari 1977. Kamera za The Lord of the Rings zilipoanza kuzunguka Oktoba 1999, alikuwa na miaka 22. The Hobbit ilianza kupigwa Machi 2011, naye ana 34. Kati ya umri huo na huo, uso wa mwanamume hujaa na kukomaa. Poda hufuta mikunjo ya ngozi, lakini upana wa uso haiugusi.

Kuna na macho. Macho ya Bloom mwenyewe ni ya kahawia, na ya Legolas ni ya bluu, kwa hiyo huvaa lenzi. Katika filamu za kwanza kuna vipande ambapo macho yanaonekana ya kahawia. Simamisha picha akiangaziwa karibu utayaona. Katika The Hobbit bluu hiyo inang'aa muda wote. Basi mtazamaji anapokea mabadiliko mawili kwa mpigo, uso na macho, halafu anayaita yote “kuzeeka”.

Angalieni Gandalf mpate kulinganisha. Ian McKellen alizaliwa Mei 1939, kwa hiyo mwaka 2011 alikuwa amepita 70, na hakuna barua hata moja iliyolalamika. Ndevu hadi kifuani, kofia pana, nyusi za kubandika na pua ya bandia: kinachobaki cha McKellen mwenyewe ni macho na sauti. Mwigizaji wa mhusika mzee hurudi kwa urahisi kuliko wa mhusika asiyezeeka.

*Ni nani kati ya waliorudi aliyemo kitabuni, na nani ameongezwa ili tiketi ziuzwe?*
Mwalimu, Kasese

Katika kitabu cha The Hobbit cha 1937 wamo Bilbo (yule Hobbit mfupi anayesafiri), Gandalf, Elrond na Gollum. Legolas hayumo, ila baba yake yumo, akitajwa kama mfalme wa Waelfi wa msituni tu bila jina. Galadriel, Saruman na Frodo hawamo kabisa. Hata hivyo kuongezwa si lazima kuwe kubandika. Kitabuni Gandalf anatoweka kwenda kushughulika na mchawi wa giza pamoja na baraza la wenye hekima. Filamu imeamua kutuonyesha baraza hilo, na ukilionyesha huna budi kumweka Saruman na Galadriel. Kwa Legolas hoja ni nyembamba zaidi. Kuwepo nyumbani kwa baba yake kunaeleweka, lakini kumpa vita na mapenzi katika filamu mbili ni uamuzi wa sinema, na anayelalamika hapo ana haki.

Usichanganye mhusika kurudi na mwigizaji kurudi. Ian Holm, aliyezaliwa 1931, alirudi kama Bilbo mzee peke yake. Bilbo wa safari ni Martin Freeman. Ndiyo maana kuna mshono unaoonekana. Katika filamu ya 2001, mwanzoni kabisa, Holm akiwa na nywele za ujana ndiye anayeokota pete pangoni. Katika filamu ya 2012 tukio hilo linafanywa upya na Freeman. Ukizicheza filamu hizo mbili usiku mmoja, kibanda kizima kitauliza huyu mwingine ametoka wapi.

Kuhusu Christopher Lee: alizaliwa Mei 1922, na umri haukumruhusu kusafiri hadi New Zealand, kwa hiyo vipande vyake vilipigwa London. Anapopigana katika filamu ya tatu, mwili ni wa mtu mwingine na uso ni wake, umewekwa kwa kompyuta. Alifariki Juni 2015, miezi michache baada ya filamu hiyo kutoka.

*Mimi ni VJ, natafsiri filamu kwa maikrofoni kibandani hapa Arua. Wateja wangu ni askari, madereva wa malori na wafanyabiashara kutoka Kongo, hawataki Kiluganda, wanataka Kiswahili. Nimejaribu The Hobbit ya kwanza, sauti ikakauka kabla ya mwisho na watu wakacheka pasipochekesha. Nisaidieni.*
VJ, Arua

Waliocheka huenda walikusikia ukisema “Elfu Legolas”, wakadhani unahesabu pesa. Sema Mwelfi, wengi Waelfi, na uliseme polepole mara tatu za kwanza. Neno “mbilikimo” kwa wale wahunzi wafupi wa mlimani liache kabisa. Ndilo neno la dharau ambalo Batwa wa Bundibugyo na Kisoro wamebandikwa kwa miaka mingi, na huwezi kujua nani amekaa kwenye benchi la nyuma. “Wahunzi wa mlimani” linatosha. Hobbit abaki Hobbit.

Neno gumu zaidi ni la kumwita Gandalf. Ukisema “mchawi”, masikio yetu yanasikia mtu anayeroga watoto usiku, na wema wake wote umekwenda na maji. Mwite Mzee wa Kijivu. Saruman naye mwite Mzee Mweupe, kwa heshima ileile na sauti ileile. Hapa ma-VJ wengi huharibu: kwa kuwa wanajua Saruman atakuja kuwa adui, wanamtafsiri kwa sauti ya adui tangu aingie. Lakini katika The Hobbit bado ni mkuu wa baraza, na Gandalf bado anamheshimu. Waliotazama filamu za 2001 hadi 2003 watapiga kelele “Mwongo huyo!” akitokea tu. Waachie sekunde tatu wapige, kisha endelea na heshima. Wageni watakaa na swali, wenyeji watakaa na siri, na kila mmoja amepata haki ya pesa yake.

Sasa Gollum, yule kiumbe wa pangoni. Andy Serkis aliipata ile sauti kwa kumwiga paka anayekohoa nywele zilizomkwama kooni, na ili koo lisipasuke alikuwa akinywa mchanganyiko wa asali, limau na tangawizi. Vyote vipo sokoni Arua. Chemsha kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba katika nusu lita ya maji kwa dakika 10, epua, yapoe hadi vuguvugu, ndipo utie juisi ya limau moja na vijiko viwili vya asali. Kunywa mafundo madogo, si baridi. Kinywaji peke yake hakitakuokoa ukikwaruza koo kwa nguvu, kwa hiyo acha maikrofoni ifanye kazi: isogeze iwe vidole viwili kutoka mdomoni, nong'ona, na kwenye mixa punguza besi ya laini yako, maana ukikaribia maikrofoni besi hupanda yenyewe na Gollum atakuwa na sauti ya jitu. Habari njema ni kwamba Gollum yumo katika filamu ya kwanza tu kati ya hizo tatu, baada ya katikati. Jihifadhi hadi hapo.

Tukio lake na Bilbo, lililokuwa la kwanza kupigwa mwaka 2011, ni la kutegeana vitendawili gizani, na Bilbo akishindwa analiwa. Hapo Kiswahili kimekupa bahati. Bilbo anapotega, sema “Kitendawili!” na usubiri. Ukumbi wenyewe utajibu “Tega!” Kimoja wapo jibu lake ni yai, nasi tunacho chetu: nyumba yangu haina mlango. Usitafsiri maneno ya Kiingereza, tega hicho. Watajibu kabla ya Gollum, na pangoni patakuwa pa kwao. Ila angalia: acha kwanza sauti ya Serkis isikike sentensi nzima, ndipo useme. Watu wameilipia hiyo pia.

Upande wa mitambo, shusha sauti ya filamu hadi thuluthi moja unaposema, usiizime. Muziki ukikatika kila sentensi masikio huchoka. Spika ziwe mbele yako zikitazama watu, kamwe si nyuma ya mgongo wako, la sivyo maikrofoni inasikia spika na mlio wa kukwaruza unaanza. Na usiunganishe kompyuta na spika kwa Bluetooth. Sauti huchelewa, midomo inatangulia, nawe unayefuata sauti utachelewa mara mbili. Waya wa kawaida wa tundu la 3.5 mm ni wa bei ndogo.

*Tuanze na zipi, na siku mbili zinatosha kwa zote sita?*
Kikundi cha vijana, Hoima

Zinatosha. Anzeni kwa mpangilio wa kutoka, si wa hadithi: The Hobbit inawaingiza wahusika ikidhani mnawajua tayari. The Lord of the Rings ina dakika 178, 179 na 201, jumla saa 9 na dakika 18. The Hobbit ina 169, 161 na 144, jumla saa 7 na dakika 54. Hizi ni nakala za sinema. Zile ndefu zitawaua.

Jumamosi mkianza saa 3:00 asubuhi na kupumzika nusu saa mara mbili (mwenye rolex, ile chapati ya mayai, awe mlangoni tayari, msimtafute), mtamaliza saa 1:18 usiku. Jumapili, kwa mapumziko yaleyale, mtamaliza saa 11:54 jioni. Projekta ya wati 250, kompyuta ya 60 na spika za 150 ni wati 460. Kwa Jumamosi nzima ni yuniti 4 na ushee. Jenereta ndogo ya petroli kwa mzigo huo hunywa takriban nusu lita kwa saa, kwa hiyo wekeni lita 6 akiba. Isimame nje, mbali na madirisha, na msimimine petroli ikiwa inawaka.

*Runinga yangu mpya inafanya waigizaji wa The Hobbit waonekane kama wa tamthilia ya mchana, mavazi yanaonekana ya kushonwa jana. Nilisoma kuwa filamu ilipigwa kwa picha 48 kwa sekunde. Ndiyo sababu?*
Msomaji, Jinja

Ilipigwa kwa 48, na mwaka 2012 watazamaji wa sinema kadhaa ulimwenguni walilalamika hivyohivyo: mwendo ni laini mno, pua ya bandia inajulikana ni ya bandia. Lakini diski za nyumbani ni za picha 24. Unachoona ni runinga yako ikibuni picha za katikati. Ingia kwenye mipangilio ya picha uzime kitu hicho: kwenye Samsung kinaitwa Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG wanaita TruMotion, Sony ni Motionflow. Au chagua hali ya sinema, ambayo kwa runinga nyingi hukipunguza. Punguza na ukali wa picha, maana kiwandani huupandisha ili runinga ing'ae dukani.

*McKellen si mrefu hivyo. Gandalf wanamkuzaje mbele ya Hobbit?*
Mwanafunzi, Soroti

Katika filamu za kwanza mara nyingi ilikuwa umbali tu. Jaribu kwa simu: mtu mmoja akae mita 2 kutoka kwenye kamera, mwenzake wa kimo kilekile mita 3.2. Wa nyuma ataonekana kama asilimia 62 ya wa mbele, ambacho ni karibu kimo cha Hobbit kwa Gandalf. Ficha miguu na sakafu kwa meza, na wa mbele aangalie pembeni ya mwenzake, kwenye nafasi ambayo picha inamwonyesha yupo. Akimtazama alipo kweli, macho yatapishana na ujanja utafichuka. Hapo ndipo wengi hukosea.

The Hobbit ilipigwa kwa 3D, yenye lenzi mbili kama macho mawili, na macho mawili hutambua umbali mara moja. Ujanja ukafa. Wakatumia seti mbili kwa wakati mmoja, moja ya wahunzi na moja ndogo ya kijani ya Gandalf, kamera moja ikiiga mwendo wa nyingine kwa vipimo vilivyopunguzwa. McKellen akabaki peke yake akiongea na picha na taa badala ya wenzake, hadi siku moja akalia kazini. Mwenyewe amelieleza jambo hilo hadharani. Ukiona Gandalf mezani kwa Bilbo amekunja uso kidogo, huenda anakumbuka ni taa ipi ni nani.

*Nimetumiwa trela ya filamu mpya ya Gollum, na waigizaji wote wa zamani wamo. Ni ya kweli?*
Msomaji, Kampala

Filamu ipo: The Hunt for Gollum ilitangazwa 2024, Serkis akiongoza na kuigiza, na tarehe iliyowekwa ni 17 Desemba 2027. Trela yenyewe ipime hivi kabla hujamaliza bando. Angalia jina la chaneli: ni ya kampuni ya Warner Bros. au ni ya mtu? Soma maelezo chini. Wengi wa watengenezaji huandika humo kwa herufi ndogo kwamba ni ya kubuni. Kisha itazame bila sauti. Kama kila kipande kina sekunde mbili na hakuna wahusika wawili wanaozungumza ndani ya picha moja, imeshonwa kwa vipande vya zamani au kompyuta imeichora. Na ukimwona Christopher Lee akisema maneno mapya, funga.