Mtoto Ametazama Ballerina, Sasa Anataka Baleti: Pa Kuanzia

Ballerina ni filamu ya katuni iliyotoka Ufaransa mwaka 2016 na kuoneshwa Marekani mwaka uliofuata kwa jina la Leap! Félicie, yatima wa Brittany, anatoroka kituo cha yatima na rafiki yake Victor, anafika Paris ya miaka ya 1880, anaingia shule ya baleti ya Opera kwa jina la msichana mwingine, na baada ya siku chache anashindania nafasi ya Clara, mhusika mkuu wa baleti iitwayo The Nutcracker. Filamu haijaisha vizuri, mtoto ameshashika meza ya sebuleni na kujiinua kwenye ncha za vidole. Hapo mzazi anatakiwa kujua la kufanya.

Miondoko ya filamu hii ni ya kweli, muda wake si wa kweli. Ngoma zake zilitungwa na Aurélie Dupont na Jérémie Bélingard, wachezaji wa daraja la juu kabisa la Opera ya Paris, ndiyo maana mikono na vichwa vya wahusika vinakaa mahali pake. Lakini shule hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1713 na leo iko Nanterre, humlea mtoto kwa miaka mingi, na kila mwaka anafanya mtihani wa kupanda darasa. Mwambie mwanao hivyo mapema, kwa upole, asije akaacha mwezi wa pili akidhani hana kipaji. Na kama anapenda historia, mwambie pia kwamba Sanamu ya Uhuru ilisafirishwa kwenda Marekani mwaka 1885, ujenzi wa Mnara wa Eiffel ukaanza 1887, na The Nutcracker ikaoneshwa kwa mara ya kwanza St Petersburg mwaka 1892. Filamu imevikusanya vyote pamoja, kana kwamba vilitokea wakati mmoja.

Jambo la kwanza atakaloomba ni viatu vya ncha, vile vigumu vya kusimamia vidole. Usinunue. Mifupa ya mguu wa mtoto bado ina gegedu linalokua, na kiatu hicho kinaweka uzito wa mwili mzima juu ya eneo dogo mno. Walimu makini husubiri hadi umri wa miaka 12 hivi, tena kwa mtoto aliyesoma miaka mitatu au minne na anayehudhuria darasa angalau mara mbili kwa wiki. Hata akifika umri huo, mwalimu humpima kwanza: je, anaweza kujiinua kwa mguu mmoja mara nyingi mfululizo, goti likiwa limenyooka na kifundo hakiyumbi? Kama hawezi, anaendelea kusubiri. Mwalimu anayempa mtoto wa miaka 8 viatu vya ncha kwa ajili ya picha za maonesho, mwondoe mwanao hapo.

Anachohitaji ni viatu laini vya ngozi au turubai. Hapa wazazi wengi hukosea kwa nia njema: wananunua namba moja zaidi ili "akue navyo". Kiatu cha baleti kinatakiwa kibane kama soksi, vidole vikilala bapa bila kujikunja. Kikizidi, kitambaa kinajikusanya mbele, mtoto anakikanyaga na hahisi sakafu. Mara nyingi lastiki huja haijashonwa, au imeshonwa upande mmoja tu. Kunja kisigino cha kiatu kiangukie ndani, kuelekea vidoleni. Pale mkunjo unapofanya kona, kila upande, ndipo pa kushona. Mvalishe, pitisha lastiki juu ya mguu, ikaze kiasi cha kidole kimoja kupenya, kisha weka alama. Shona upande wa ndani, na uangalie sindano isitoboe kile kikamba kinachopita kwenye ukingo. Ukikitoboa hakitavutika tena, na kiatu kitapwaya daima.

Mazoezi ya nyumbani yawe machache. Chagua kiti kizito cha mbao, si cha plastiki, kwa sababu cha plastiki kinaanguka naye. Asimame ubavu kwa kiti, mkono ukigusa tu bila kuning'inia, kiwiko kikiwa mbele kidogo ya mwili. Visigino vigusane, vidole vielekee nje. Sasa mtazame kwa karibu, maana makosa makubwa yote yanaanzia hapa. Mtoto aliyetazama filamu atalazimisha miguu ifanye mstari mmoja ulionyooka. Kugeuka huko kunatakiwa kutoke kwenye nyonga. Nyonga zikigoma, goti ndilo linalosokotwa, na upinde wa unyayo unalala chini kwa ndani. Kipimo ni rahisi. Mwambie apinde magoti taratibu kwa hesabu nne, visigino vikibaki sakafuni. Goti liende juu ya kidole cha pili. Likiangukia ndani, punguza pembe ya miguu hadi likae sawa, hata kama pembe itakuwa ndogo. Apande kwa hesabu nne. Mara nane zinatosha.

Kuruka ni suala la sakafu. Vigae na saruji havinyonyi kishindo, kwa hiyo kinapanda hadi kwenye mifupa ya miundi, na maumivu ya hapo huchukua muda kupona. Kule Kibera, Nairobi, watoto wamejifunza baleti katika madarasa ya kawaida, madawati yakisogezwa pembeni, kwa hiyo kukosa ukumbi si sababu ya kukata tamaa. Ila kwenye saruji punguza miruko, ongeza kazi ya miguu na mikono. Na filamu ina somo zuri hapa: Odette, mwanamke anayemfundisha Félicie, anamfanya aruke kugonga kengele, kisha atue kwenye maji bila kuyarusha. Mwanao ajaribu bila maji, na wewe usikilize. Vidole vitangulie, kisha unyayo, kisha kisigino, huku magoti yakipinda. Ukisikia "pu!", ametua na visigino au magoti yamekaza.

Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5, darasa la dakika 30 hadi 45 mara moja kwa wiki, lenye michezo na muziki, linatosha. Mbinu zenyewe zinaanza kushika akiwa na miaka 7 au 8. Kabla ya kulipa ada, omba kukaa nyuma darasani mara moja. Angalia kama mwalimu anasahihisha watoto wote au wale wawili wa mbele tu, na kama kuna mtu anayekandamiza mabega ya mtoto ili afike chini kwenye msamba. Hilo linaweza kuchana misuli. Sikiliza pia lugha yake kuhusu miili. Mtoto anayekua anatakiwa ale ashibe, na mwalimu anayetania matumbo ya watoto hafai. Wavulana nao wapelekwe. Hakuna zoezi hapo juu lisilowafaa.

Misuli ikiuma siku moja mbili baada ya darasa, ni kawaida. Maumivu ndani ya kiungo, uvimbe, au kuchechemea asubuhi, apumzike kabisa, na yakiendelea aonwe na daktari kabla ya kurudi darasani.