Kwa wanaoanza kumsoma Justus Lipsius

Anayeanza kusoma jinsi falsafa ya Wastoiko, wanafalsafa wa kale waliofundisha kuishi kwa kufuata akili, ilivyofufuliwa Ulaya hukutana mapema na mwanazuoni Justus Lipsius, aliyezaliwa mwaka 1547 karibu na Brussels, na kwa kawaida hukimbilia vitabu vyake viwili vya mwaka 1604, ambavyo vinapanga mafundisho ya Wastoiko mada kwa mada. Mimi nilianzia huko, nikachoka. Anzeni na De Constantia, mazungumzo aliyoyachapisha mwaka 1584 alipokuwa akifundisha Leiden, Uholanzi. Humo kijana anaikimbia nchi yake inayoteketea kwa vita, anafika Liège kwa rafiki yake mzee, Langius, na mzee anamwambia kuwa kinachopaswa kuhama ni nafsi yake, si miguu yake. Wekeni pembeni barua ya 28 ya Seneca, Mstoiko wa Roma ya kale, kwani wazo hilo lina mizizi humo.

Msiharakishe kutafsiri. Kwa miezi kadhaa kila nilipoona neno la Kilatini constantia niliandika “uvumilivu”, hadi mwalimu wangu aliponirudisha kwenye sura ya nne ya kitabu cha kwanza cha De Constantia. Hapo Lipsius anaieleza kuwa ni nguvu ya nafsi iliyonyooka, isiyokwezwa wala kudidimizwa na mambo ya nje, kisha anaongeza kwamba mama yake ni patientia, yaani kuyapokea kwa hiari na bila manung'uniko yote yanayompata mtu. Nilikuwa nimempa mama na mtoto jina moja! Siku hizi mtoto namwita “uthabiti” na mama namwita “subira”, ingawa hata subira inataka uangalifu, maana sisi tumezoea kuwa huvuta heri, ilhali ya Lipsius haisubiri malipo. Tena nguvu hiyo ikizaliwa na dhana tupu badala ya akili, kwake ni ukaidi tu.

Wala msimwite Mstoiko mkaishia hapo. Alikuwa Mkristo, na pale Wastoiko walipoonekana kumfunga Mungu kwa majaliwa, yeye aliyaweka majaliwa chini ya Mungu. Mtasikia pia akilaumiwa kwamba mwandishi wa uthabiti alifundisha kwa Walutheri huko Jena, kwa Wakalvini huko Leiden, kisha akarejea kwa Wakatoliki wa Leuven. Lawama hiyo ina uzito, lakini kabla ya kuikubali kumbukeni kuwa mwaka ule ule wa 1584 William wa Orange, kiongozi wa uasi wa Uholanzi dhidi ya Hispania katika vita hivyo vilivyochanganyika na dini, aliuawa Delft, mwendo mfupi tu kutoka Leiden.