Kijaluba cha Clark Gable: Ninunue au Niache?

SWALI

Hujambo, Mama? Mimi ni mpenzi wa filamu za zamani. Kuna mzee mmoja huko Ngara, Nairobi, anayeuza vitu vya kale, na ana kijaluba cha sigara cha fedha kilichochongwa herufi C.G. Anasema ni cha Clark Gable, yule mwigizaji wa Hollywood, alikisahau hotelini alipokuja Kenya kuigiza filamu ya Mogambo. Anayo barua ya mjomba wake, sasa ni marehemu, aliyekuwa mhudumu wa hoteli hiyo. Imepigwa taipu mwaka wa 1994. Ana pia mkoba wa ngozi ya chui, eti wa Ava Gardner, aliyeigiza naye. Vyote viwili ananiachia kwa shilingi 120,000. Pesa ninazo. Nifanyeje?
– Mpenda Sinema, South B

JIBU

Mwanangu, tuanze na mkoba, maana huo ndio utakaokufikisha kortini. Ngozi ya chui ni nyara, yaani kiungo cha mnyamapori kinacholindwa, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haiulizi ilibebwa na nani. Kuwa nayo bila kibali ni kosa, na adhabu yake si ya kulipia kwa M-Pesa ukaenda zako. Usiupeleke nyumbani hata kwa "kuutazama tu".

Sasa kijaluba. Safari yenyewe ilikuwako: mwishoni mwa 1952 Gable, Ava Gardner na Grace Kelly walikuwa huku na mwelekezi John Ford, hali ya hatari ya vita vya Mau Mau ikiwa imetangazwa Oktoba ileile. Lakini hayo kila muuzaji anayajua. Kwamba Gable alifika Kenya hakumfanyi kuwa mwenye kijaluba.

Kifungue uangalie ndani ya kifuniko. Fedha ya Uingereza hugongwa alama ndogo ndogo kwa mstari: simba anayetembea, kisha nanga kama ilipimwa Birmingham, au kichwa cha chui kama ni London (huyo ndiye chui pekee ninayekuruhusu), na herufi moja. Herufi hiyo ndiyo mwaka. Majedwali yake yako mtandaoni, ila soma la mji husika, kwa sababu kila mji ulikuwa na mpangilio wake. Ikisoma 1956, mazungumzo yameishia hapo. Vya Marekani mara nyingi vina neno STERLING (yaani fedha halisi) tu, bila mwaka, kwa hiyo hapo hutapata jibu la haraka. Kikikosa alama yoyote, huenda ni shaba iliyopakwa fedha.

Nenda pia na kioo cha kukuzia. Herufi C.G. zinaweza kuchongwa asubuhi moja na fundi yeyote anayeandika majina kwenye vikombe vya mashindano ya mpira. Mchongo wa zamani kingo zake zimelainika, na mikwaruzo ya miaka imepita juu yake. Mikwaruzo ikikatikia kwenye herufi, na ndani ya herufi mnang'aa, mchongo ulikuja baadaye. Tena wenye majina ya C.G. katika Nairobi ya walowezi hawakuwa wachache.

Barua ndiyo inayonikera. Iliandikwa miaka 40 na zaidi baada ya tukio, na jamaa wa mtu anayetaka kuuza. Je, mjomba alimwona Gable na kijaluba mkononi, au alikiokota chumbani akakisia? Muulize mzee kama ana picha ya wafanyakazi wa hoteli, cheti cha kazi cha mjomba, chochote cha miaka ya 50. Na hata tukiamini kila neno, inachosema ni kwamba mgeni alisahau mali yake na mhudumu akabaki nayo. Hiyo si zawadi, na mnada wowote wa maana utakuuliza swali hilo kabla ya jingine lolote.

Pengine amekutajia sanamu ya tuzo ya filamu ya Oscar ya Gable, iliyouzwa mnadani 1996 kwa dola 607,500. Wauzaji wanaipenda sana hadithi hiyo. Wasichosema ni kwamba Oscar ile ilijulikana ni ya nani tangu usiku aliokabidhiwa, mbele ya ukumbi mzima.

Kwa hiyo mwambie mzee kwamba mkoba huutaki. Kijaluba kipeleke kwa sonara kipimwe, umlipe bei ya fedha kwa uzito wake, uongeze kidogo kwa uzee wake. Barua akikupa bure, ichukue. Akisema bila 120,000 hauzi, mshukuru uondoke.