Kihisi cha ghala la korosho: unyevu kwanza, joto baadaye

DHT11, kihisi cha joto na unyevu, ni bei poa, na masomo mengi ya Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki inayoandikiwa programu) huanza nayo. Kwa kujifunzia inatosha. Kwa ghala la korosho Mtwara au Lindi, iache. Kupotoka kwake kwa nyuzi 2 za joto kunavumilika. Shida ni kupotoka kwa asilimia 5 za unyevu wa hewa. Ukungu hushamiri hewa ikipita takriban asilimia 70, kwa hiyo DHT11 ikikuandikia 68 hujui kama korosho ziko salama au zimeshaanza kuharibika.

DHT22 ni afadhali, ila usiisome zaidi ya mara moja kila sekunde 2. Ukiweza kuongeza pesa, chukua SHT31: hukosea kama asilimia 2 tu, ina nyaya nne, na anwani yake ya I2C (njia ya mawasiliano kati ya kihisi na bodi) kwa kawaida ni 0x44. BME280 nayo ni nzuri, lakini hupima pia kanieneo ya hewa, ambayo ghalani haina kazi. Isitoshe, moduli nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni BMP280, isiyopima unyevu kabisa. Soma rejista 0xD0 (sehemu ya kumbukumbu ndani ya kihisi): ukipata 0x60 ni BME280 halisi, 0x58 umeuziwa nyingine.

Joto la katikati ya magunia lipime kwa kihisi cha DS18B20 chenye ganda la chuma. Weka rezista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na waya wa umeme. Kwenye programu ya Arduino, -127 maana yake kihisi hakionekani: kagua rezista na viungo. Nyuzi 85 zikitokea ghafla, aghalabu umesoma kabla hakijamaliza kupima (kipe milisekunde 750) au umeme umekatika kidogo.

Usikibandike kihisi cha hewa juu ya ESP32 (bodi yenye Wi-Fi), kwa sababu bodi hiyo hupata joto ikitumia Wi-Fi, na hewa iliyopashwa huonekana kavu kuliko ilivyo. Kitenganishe na bodi kwa waya wa sentimita 30 hivi tu. I2C haipendi waya mrefu. Kining'inize usawa wa magunia, mbali na mlango na mabati. Bodi ipake vanishi dhidi ya hewa ya chumvi, ikauke kabisa, ndipo uunganishe kihisi. Tundu lake lisiguswe na vanishi wala mvuke wake.

Kabla ya kukifunga, kipime kwa chumvi. Jaza kizibo cha chupa chumvi safi ya mezani, dondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito, si mchuzi. Kiweke pamoja na kihisi kwenye kopo lisilopitisha hewa, visigusane, ukiache usiku kucha mahali pasipobadilika joto. Hewa ya humo hutulia kwenye asilimia 75. Kihisi kikisema 72, ongeza 3 kwenye programu. Chumvi ghafi kutoka mashamba ya chumvi tunayo tele, lakini haifai hapa: ina magnesi, na hiyo hushusha kipimo.

Rudia jaribio kila mwaka kabla ya msimu wa Oktoba. Tofauti ikizidi 5, nunua kingine, maana kihisi kilichochoka kitaendelea kuhama hata ukikisahihisha.