Stata inagonga mara moja tu: anzia kwenye vichwa vya betri

Ndugu, habari za leo. Umeeleza kwamba gari lako, ambalo hulala nje huko Kigamboni, linawasha taa zote za dashibodi, lakini ukizungusha ufunguo unasikia mlio mmoja tu wa "ta" na injini haizunguki.

Kabla hujaenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kununua stata (mota inayozungusha injini), kagua vichwa vya betri, yaani ncha zake za chanya na hasi, maana taa za dashibodi hutumia umeme mdogo sana, na kuwaka kwake hakuthibitishi kwamba betri ina nguvu ya kuzungusha injini. Kwenye gari langu, unga wa kijani ulikuwa umejificha ndani ya kibano cha chanya, mahali usipoonekana mpaka ukifungue. Fungua hasi kwanza, kisha chanya, sugua kwa msasa mpaka madini ya risasi yang'ae, kisha urudishe na kukaza vizuri, hasi ikiwa ya mwisho. Sugua pia ncha ya pili ya waya wa hasi, ile iliyofungwa kwenye bodi, ambayo mafundi wengi huiruka.

Kisha azima mita ya kupimia volti. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Mwenzako azungushe ufunguo huku ukipima kwenye vichwa vya betri: ikiporomoka chini ya 9.6, betri ni dhaifu au haina chaji. Ikibaki juu ya 12 na mlio ukawa uleule, basi ama waya mnene wa kwenda kwenye stata haufikishi umeme, ama stata yenyewe imechoka, na mara nyingi huwa ni kaboni zake (vipande vinavyopitisha umeme ndani yake), ambazo fundi umeme anaweza kuzibadilisha bila kununua stata nzima.